Ndege Niliyoiangusha Murera

Mlicheka. Sisemi kwa ubaya, nasema kwa sababu ni kweli. Juzi mmoja wetu alituma ile video kwenye kikundi cha simu cha sisi tuliosoma pamoja Ruiru, video ya yule mvumbuzi mkubwa wa mambo ya umeme na silaha yake ya kutisha ambayo eti wakubwa wa dunia waliificha alipokufa. Chini yake mwenzetu akaandika, "Si hii ndiyo ile ya babake Ciku?" Vicheko vikafuatana hadi jioni. Nililaza simu kifudifudi juu ya meza, na hapo hapo pua yangu ikajaa harufu ya lehemu, ule moshi mtamu unaowasha koo fundi anapoyeyusha waya. Sikuwa nimeisikia harufu hiyo tangu tumzike Baba. Sasa nimeketi hapa nyumbani Kahawa Sukari, watoto wako shule, na nitawajibu kwa urefu.

Baba alikuwa fundi wa redio. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, mabati machache na mlango wa mbao uliofungwa kwa waya, na ndani redio zilikaa zikiwa zimefunguliwa matumbo, kila moja na karatasi yenye jina la mwenyewe. Tulikuwa tumepanga chumba Mwihoko, lakini shule yangu ilikuwa karibu na kibanda, kwa hivyo tulienda pamoja na kurudi pamoja. Nikitoka darasani kazi yangu ilikuwa kumshikia tochi. Alipolehemu alitoa ulimi kidogo pembeni mwa mdomo, na mimi nilitoa wangu bila kujua. Wateja walituona hivyo wakacheka.

Ndani ya redio moja kubwa ya zamani, ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua, Baba alikuta gazeti lisilo na jalada. Lilikuwa la Kiingereza. Katikati kulikuwa na picha ya mwanamume mwembamba ameketi kwa utulivu anasoma kitabu, na juu ya kichwa chake cheche za umeme zimetanda kama mizizi ya mti uliong'olewa. Baba alikuwa ameachia shule darasa la saba. Alilisoma lile gazeti kwa msaada wa kamusi iliyopoteza kurasa za mwanzo, kwa hivyo kila neno lililoanza na A alilikisia. Kazi ilipopungua alinisimulia alichokuwa ameelewa. Mtu huyo alikuwa amebuni mwale usioonekana, wenye nguvu ya kuangusha ndege za vita kutoka mbali sana, hata kabla hazijaonekana kwa macho.

"Alikufa peke yake kwenye chumba cha hoteli, Ciku," alikuwa akiniambia. "Kabla mwili haujapoa walikuwa wameshabeba makaratasi yake yote."

"Nani walibeba?"

"Wao."

Nilidhani Wao ni ukoo. Sisi tulikuwa na ukoo wetu, majirani walikuwa na wao, na mahali fulani duniani kulikuwa na ukoo wa Wao ambao kazi yao ilikuwa kubeba makaratasi ya watu. Kila gari geni liliposimama karibu na kibanda, nilichungulia nione kama ni wao. Baba alinifundisha pia jinsi ya kuwatambua. Mtu akikuambia silaha hiyo haipo, alisema, jua huyo ameshafikiwa.

Siku mnayoikumbuka ni ya darasa la sita. Mwalimu wa sayansi aliuliza faida za umeme. Mmoja akasema taa, mwingine akasema pasi, mimi nikasimama nikasema umeme unaweza kuangusha ndege, ila karatasi zake zimefichwa. Mwalimu alicheka hadi akavua miwani.

"Nani amekudanganya hivyo?"

"Baba yangu."

"Yule wa redio?" Akawageukia nyinyi, mkapasuka. Kisha akaniambia niseme kwa sauti kwamba silaha kama hiyo haipo, halafu nikae. Sikusema. Akaniambia basi nisimame hadi niseme. Nikasimama kipindi hicho chote na kilichofuata, nyayo zikiniwaka ndani ya viatu. Kengele ya chakula ikalia, mkatoka mkaniacha pale na harufu ya chaki. Tangu hapo mkaniita Mwale. Siwalaumu, tulikuwa watoto. Lakini nataka mjue kwamba nilipotoka nje ya lile darasa nilikuwa nimeshaamua kuitengeneza hiyo silaha mwenyewe.

Likizo ya Aprili nilipelekwa Murera kwa Cucu, mama yake Baba. Siku hizo mashamba yalikuwa mengi kuliko ploti za nyumba. Cucu alikuwa na mahindi, nduma kando ya kijito, ng'ombe mmoja aliyeitwa Meri, na mdomo uliosikika hadi barabarani. Nilifika na mchoro nilioutoa kwenye gazeti: mlingoti mrefu, na juu yake kitu kama bakuli lililofunikwa. Nilikuwa nimebeba pia waya wa shaba kutoka mota iliyoungua kibandani. Mlingoti niliupata kwenye miti ya kalitusi iliyokuwa imekatwa kwa ajili ya ua, nikamwomba kijana wa jirani anisaidie kuusimamisha. Bakuli lilikuwa sufuria ya Cucu iliyotoboka. Betri nilizitoa kwenye redio yake.

"Hiyo ni ya nini?" Cucu aliuliza.

"Ni ya kufanya redio ishike vizuri."

"Na mbona redio haina betri?"

"Zitarudi, Cucu."

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, mawingu yalianza kujikusanya upande wa milimani. Nilikuwa chini ya mlingoti nimeshika nyaya mbili, moja mkono huu na nyingine mkono ule, nikingoja. Ndege nyingi zilipita juu yetu zikiteremka kuelekea Nairobi. Moja ikatokea. Sikutaka kumuumiza mtu. Nilitaka itikisike kidogo tu, nione kwa macho yangu, nirudi shule nikiwa na la kusema. Niligusanisha nyaya. Ndege ikaingia kwenye wingu.

Nikangoja itoke upande wa pili. Haikutoka. Nikaendelea kungoja hadi matone makubwa yakaanza kuniangukia, nikakimbilia jikoni. Nilikuwa bado najipangusa uso mwanga na mlio vilipokuja pamoja. Cucu aliangusha mwiko. Tulipotoka mvua ikipungua, mlingoti ulikuwa umepasuka kuanzia juu hadi katikati, sufuria imekuwa nyeusi, na Meri amelala karibu na kigingi chake, ulimi kwenye tope.

Cucu hakusema neno, na kwake hilo lilikuwa jambo la kutisha. Alichuchumaa akamfunika ng'ombe wake macho kwa kitambaa cha kichwa. Mimi nilisimama nikijiambia kwamba silaha imepiga mbele, kwenye ndege, ikapiga na nyuma, kwa Meri.

Kesho yake nilikuwa kwa jirani nimetumwa chumvi, redio ikasoma habari za saa saba. Ndege ndogo imeanguka milimani. Wote waliokuwamo wamekufa. Mtangazaji alisoma majina yao polepole, na jina moja lilikuwa kama la Mama. Nilirudi nyumbani bila chumvi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilijua kwamba nimeua watu.

Niliacha kula. Sikuwa nafanya makusudi, chakula kilikataa tu kupita. Mchana kutwa nilikaa kati ya nduma, mahali ambapo majani yangenificha Wao wakija, maana sasa nilijua watakuja, na watakuja kwa ajili yangu. Nilimwazia yule mwanamke mwenye jina la Mama. Nilimpa watoto, nikawapa watoto majina. Cucu alinitafuta, akanipikia uji, akaniwekea sukari ambayo kwa kawaida aliificha. Uji ulipoa. Mwishowe akatuma ujumbe Ruiru.

Baba alifika Jumamosi akiwa na mkate kwapani. Hakunikaripia. Alinishika mkono tukaenda hadi pale kwenye mlingoti.

"Cucu anasema huli."

"Baba, ile ndege ni mimi."

"Ndege gani?"

Nikamwambia yote, kuanzia mwalimu hadi majina redioni. Aliposikia, alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye mpasuko wa mti, akaiinua ile sufuria iliyoungua akainusa. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini sana, "Huo mwale, ulikuwa na rangi gani?"

Swali hilo nimeishi nalo hadi leo. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Kwa muda mfupi hakuwa babangu, alikuwa mtu aliyengoja miaka mingi hatimaye akaletewa habari. Halafu akanitazama. Aliona mifupa ya shingo yangu, na uso wake ukabadilika. Ndiyo mara ya kwanza niliona mtu mzima akiona haya mbele ya mtoto.

"Hakuna mwale, Ciku."

"Uko. Wewe ndiye ulisema."

"Nilisema, na nilikosea. Ile ndege ilipotea asubuhi, nimeisikia mwenyewe kwa redio. Wewe uligusanisha nyaya mchana. Na Meri aliuliwa na radi. Mlingoti mrefu, waya wa shaba, mahali wazi, mvua ya Aprili. Hilo nalijua vizuri, na sikukuambia. Nilikuwa nakuambia mambo ya hoteli."

Nilimwangalia nikaelewa. "Wamekufikia," nikamwambia. "Wao."

Angeniambia nini? Yeye ndiye alikuwa amenifundisha kwamba anayekanusha ameshafikiwa. Hakuwa na neno hata moja ambalo hakuwa amenipa mapema sababu ya kulikataa. Nimewaona watu wazima tangu wakati huo, wenye digrii, wamefungiwa ndani ya fikra kama hiyo, na wenzao wanasimama nje wakiwacheka. Kicheko hakijamtoa mtu humo. Baba hakunicheka.

Alienda jikoni akarudi na sufuria nzima ya Cucu. Kulehemu hakuweza, hakukuwa na vifaa, kwa hivyo alifunga waya kwa koleo na meno. Aliiweka sufuria juu ya kisiki, ikiangalia mbele, akaunganisha kila kitu kama nilivyokuwa nimekiunganisha, akaniuliza kama amekosea mahali. Nikamwonyesha waya mmoja uliopinda vibaya, akaunyoosha. Kisha akanipa zile ncha mbili mkononi, akatembea hatua kama kumi, akageuka akasimama mbele ya sufuria, kifua wazi.

"Unganisha."

"Sitaki."

"Ciku, unganisha. Mimi niko hapa."

"Utakufa."

"Sitakufa."

Nilikataa. Mikono yangu niliitenganisha kabisa, nyaya zisije zikakaribiana hata kwa bahati mbaya. Jua lilikuwa kali, mbingu haina wingu, na mimi nalia bila sauti, nikimtazama Baba amesimama pale akiwa na koti lake la mjini. Cucu akatokea shambani, jembe begani.

"Gitau, unafanya nini na sufuria yangu nzuri?"

Baba akamweleza, kwa maneno machache, bila kuondoka mahali pake. Cucu alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akaweka jembe chini. Akanipokonya nyaya. Nilijitupa kwenye sketi yake kumzuia, lakini yeye aliziunganisha kwa utulivu, kama mtu anayewasha jiko. Baba alisimama. Kuku mmoja akapita kati yake na sufuria. Cucu akaunganisha tena kuhakikisha, halafu mara ya tatu, alisema, kwa ajili ya ng'ombe wake.

"Nyinyi wawili mna wazimu mmoja," akasema. "Kujeni mle."

Nilikula. Nilikula githeri sahani mbili, na ule mkate, huku Baba akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mbele ya sufuria. Nikiwa nimeshiba nikamuuliza kwa nini aliamini kwamba ile silaha ipo.

Hapo ndipo alinieleza habari ya Thika. Kabla ya redio alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha nguo, akihudumia mashine ya kusokota nyuzi. Nyuzi zilikuwa zinakatika kila mara. Baba alitengeneza kijikono kidogo, kwa spoku ya baiskeli na springi, kilicholegeza uzi pale ulipovutwa sana. Injinia wa kiwanda akauliza kama anaweza kuuangalia mchoro wake. Baba akampa. Baada ya muda vijikono hivyo vikafungwa kwenye mashine zote, na injinia akapongezwa mbele ya wafanyakazi. Baba alipoenda ofisini kusema kwamba kitu hicho ni chake, aliambiwa asirudi Jumatatu.

"Mwaka huo huo nikapata lile gazeti," alisema, macho kwenye sahani. "Nikasoma juu ya mtu aliyeibiwa. Nikasema, huyu namjua. Na kama yeye alikuwa na silaha..."

Basi Wao hawakuwa ukoo. Wao alikuwa mtu mmoja mwenye tai.

Hilo ndilo jibu langu kwenu. Silaha haikuwako. Mwalimu alinisimamisha vipindi viwili na hakuweza kunifanya niseme hivyo. Leo nasema kwa hiari yangu. Huyo aliyetuma video aifute, kwa sababu kuna mtoto mahali fulani ataitazama halafu atazame juu akingoja ndege. Lakini msinitake nimcheke Baba. Mtu akiibiwa kitu kimoja mchana kweupe, na kila mtu akaendelea na kazi yake, huwa rahisi sana kwake kuamini kwamba kila kitu kimeibwa. Mimi namheshimu kwa sababu aliiacha imani hiyo saa ile ile aliyoona inamla mtoto wake, na hakuna aliyemlazimisha.

Lakini wizi wa Thika ulikuwa wa kweli, na mimi sikukubali uishie kwenye githeri. Wiki yote iliyobaki ya likizo nilimwambia, twende. Twende wapi? Kwa yule injinia. Baba alisema mambo yamepita. Nikamwambia hayajapita, nimeyasikia Jumamosi tu. Mwishowe akavaa koti, akachora kile kijikono upya kwenye karatasi safi, tukaenda kiwandani Thika.

Askari wa getini alituuliza kama tuna miadi. Hatukuwa nayo. Basi hakuna kuingia. Injinia? Huyo alihamia Mombasa zamani. Baba aliikunja karatasi akaitia mfukoni, akanishika mkono turudi, nami nikaketi kwenye jiwe mbele ya geti nikagoma kuinuka. Alinibembeleza. Nilikaa. Akaketi pia. Tulikuwa bado pale king'ora cha chakula kilipolia, wafanyakazi wakamiminika nje, manyoya ya pamba yamewashika kwenye nywele, wakielekea kwa mama wa chapati.

Baba alisimama. Aliitoa karatasi mfukoni akaikunjua.

"Samahanini. Mimi nilifanya kazi hapa zamani. Hiki kidude cha kulegeza uzi, nilikitengeneza mimi. Nilitaka tu kusema hivyo."

Wengine walipita bila kugeuka. Wengine walisimama wakamtazama kama anavyotazamwa mhubiri wa barabarani. Nilitamani ardhi inimeze, na nilijua kwamba ni mimi niliyemleta. Kisha mama mmoja mnene, kitambaa cha kijani kichwani, akainyoosha ile karatasi mikononi mwa Baba aione vizuri.

"Hiki?"

"Ndiyo."

"Hiki ni gitau."

"Ni nini?"

"Gitau. Ndiyo tunakiita. Kikivunjika unamwambia fundi, niletee gitau ingine. Nimeandikwa kazi nikakuta kinaitwa hivyo, nikadhani ni Kizungu cha mashine." Akamwangalia. "Kwani wewe ni nani?"

Nilijibu mimi.

"Ni Gitau."

Mzee mmoja aliyekuwa nyuma akasogea, akamshika Baba mkono akaendelea kuushika. "Sisi tulijua," alisema. "Hatungesema ofisini. Lakini jina tuliliacha hapo." Watu wakaongezeka, chapati mkononi, wakiulizana, ni yeye? Ni yeye mwenyewe?

Baba alijipangusa uso kwa mkono wa koti. Nilidhani atawaambia juu ya injinia, nilidhani atalia. Alimgeukia yule mama wa kitambaa cha kijani.

"Umesema kinavunjika. Kinavunjikia wapi?"

"Hapa, kwenye shingo."

Akachuchumaa pale pale vumbini, akaitandaza karatasi juu ya paja, akatoa penseli mfukoni, akaanza kuchora shingo nyingine, nene zaidi, nao wamemwinamia pande zote. Safari hii kila mtu aliona ni mkono wa nani ulioshika penseli.